Gari langu kuukuu husita kuingia gia asubuhi za baridi. Je, giaboksi imekwisha?

Kwako Mshauri,

Nina gari dogo la petroli la mwaka 1998, lenye giaboksi otomatiki ya gia 4, ambalo limeshatembea zaidi ya kilomita 240,000. Nililinunua likiwa limepita mikononi mwa watu wengine, kwa hiyo sijui mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini kwa mara ya mwisho, na hakuna kitabu cha matengenezo cha kunieleza. Wakati wa joto sina la kulalamikia. Tangu baridi ianze, mambo ni mengine kabisa.

Asubuhi, nikiliwasha na kuutoa mkono wa gia kutoka P kwenda R, gari hutulia kwa sekunde kadhaa kana kwamba sijagusa kitu, kisha gia huingia kwa mshtuko. D nayo huchelewa, ingawa si kwa kiasi hicho. Nikisubiri mzunguko wa injini ushuke kwanza, mshtuko hupungua lakini kuchelewa hubaki palepale. Nikishaendesha kwa muda tatizo huisha, na mchana kutwa R na D huingia vizuri. Kuna wakati baridi ililegea na gari likawa limelala siku kadhaa bila kuwashwa. Nilipoliwasha, gia iliingia mara moja.

Jambo la pili ni kwamba gari limekuwa halitaki kwenda gia ya nne. Zamani hali hiyo ilikuwa ya dakika chache za mwanzo tu. Sasa naweza kumaliza karibu safari nzima ya barabara kuu injini ikizunguka kwa kasi, na hata likishaingia ya nne hurudi ya tatu bila sababu ninayoiona. Sijaliona likiteleza mlimani, na taa ya O/D OFF (inayoonyesha kwamba overdrive, yaani gia ya nne, imezimwa) haimemeteki. Labda niongeze, ingawa sidhani kama inahusika, kwamba mshale wa joto la injini siku hizi haufiki katikati, na hita hutoa hewa ya uvuguvugu tu.

Fundi wa kwanza alipima mafuta asubuhi, injini ikiwa imewashwa lakini bado baridi, akaona yako chini ya alama, akaongeza. Wa pili aliliendesha mchana, akasema giaboksi imekwisha na inapaswa kushushwa na kufunguliwa yote. Wa tatu alishauri mafuta yote yasukumwe nje kwa mashine, au nikipenda, nimimine dawa ya giaboksi inayouzwa kwenye chupa. Mafuta niliyoyaona kwenye kijiti ni mekundu yaliyoelekea kahawia, na hayana harufu ya kuungua. Nimsikilize nani? Na asubuhi nisubiri muda gani kabla ya kuondoka?

Msomaji mwenye gari kuukuu

Ndugu msomaji,

Kwa sasa usimsikilize hata mmoja wao. Sisemi hivyo kwa kuwadharau, bali kwa sababu wote watatu wamejibu kana kwamba una ugonjwa mmoja, ilhali barua yako inaeleza matatizo mawili ambayo huenda hayana uhusiano wowote, pamoja na jambo la tatu ambalo kwa kiasi kikubwa ni tabia ya kawaida ya gari lolote otomatiki. Kidokezo kikubwa zaidi umekiweka mwishoni na kukiombea radhi: mshale wa joto usiofika katikati na hita yenye uvuguvugu.

Nianze hapo. Kompyuta ya magari mengi ya kizazi hicho haiachi gia ya nne iingie mpaka ijue kwamba injini imepata joto, na vivyo hivyo huzuia ile klachi ya ndani ya konveta (chombo chenye mafuta kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi), inayofunga injini na giaboksi pamoja ili petroli isipotee bure katika mwendo wa kasi. Kikomo hupangwa na mtengenezaji, na mara nyingi ni maji ya injini kufikia kati ya nyuzi 50 na 70. Zuio hilo si hitilafu: linasaidia injini kupata joto haraka na kuzuia mtikisiko wa gia kubwa wakati mafuta bado ni mazito. Ndiyo maana hata gari lilipokuwa zima ulikuwa unangoja dakika chache. Sasa fikiria themostati, yaani vali inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto la kutosha, ikiwa imekwama wazi. Injini hupozwa tangu inapowashwa, na kadiri unavyoongeza mwendo barabarani ndivyo upepo wa baridi unavyozidi kuipoza kupitia rejeta. Maji hupanda hadi karibu na kikomo, kompyuta inaruhusu gia ya nne. Yanashuka tena, inaifuta. Kwako wewe uliye nyuma ya usukani, hali hiyo inafanana kabisa na giaboksi mbovu.

Kuithibitisha hakuhitaji kufungua kitu. Asubuhi, kabla ya kuwasha, shika bomba la juu la rejeta uone lilivyo baridi, kisha washa injini na ulishike tena mara kwa mara, ukiweka vidole na nguo mbali na feni na mikanda. Kwenye themostati nzima, bomba hilo hubaki baridi kwa dakika kadhaa huku injini ikipata joto, halafu hupata moto ghafla themostati inapofunguka, ambapo kwa magari mengi ni kwenye nyuzi kati ya 80 na 90. Likianza kupata joto polepole tangu mwanzo, sambamba na injini, themostati imekwama wazi. Angalia pia kiwango cha maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu maji yakipungua hita hupoa na sensa ya joto inaweza kusoma hewa badala ya maji.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau: katika magari mengi ya zamani, sensa inayopeleka habari kwenye mshale wa dashibodi si ile inayoongea na kompyuta. Mshale unaweza kuonyesha sawasawa huku kompyuta ikidanganywa. Kwa hiyo hata ukibadilisha themostati na mshale ukasimama katikati, kama gia ya nne bado inasuasua, omba joto lisomwe kwa mashine ya uchunguzi, injini ikiwa inazunguka, na usiridhike na kusomewa misimbo ya hitilafu peke yake. Ikiwa gari lako lilitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani litakuwa na soketi ya OBD-II, yaani tundu la kawaida la kuunganishia mashine ya uchunguzi, kwani huko ilikuwa sharti kwa magari yote madogo tangu modeli za mwaka 1996. Ulaya sharti la namna hiyo lilikuja mwaka 2001 kwa magari ya petroli, na kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake. Misimbo ya kuitafuta ni P0128, unaosema injini haifikii joto linalotakiwa, na P0711, unaohusu sensa ya joto la mafuta ya giaboksi. Ukikuta P0730, unaosema uwiano wa gia si sahihi, hapo ndipo tutazungumza lugha nyingine. Taa ya O/D OFF kutomemeteka ni dalili njema, kwa kuwa katika magari mengi ya wakati huo ndiyo iliyotumika kutangaza hitilafu ya giaboksi, lakini haitoshi kuwa kibali.

Sasa tuje kwenye R na D zinazochelewa, ambalo ndilo tatizo la giaboksi yenyewe.

Gia otomatiki huingia pale pampu inapoyasukuma mafuta nyuma ya pistoni, na pistoni ikabana sahani za klachi. Pistoni hizo zina sili za mpira. Baridi huathiri pande zote mbili. Mafuta ya kawaida ya giaboksi huwa na mnato wa takriban mara 5 kwenye nyuzi 40 kuliko kwenye nyuzi 100, na chini ya sifuri mnato huo huongezeka mara nyingi zaidi, hivyo pampu huyavuta kwa shida kupitia filta, hasa ikiwa filta imejaa uchafu. Mpira uliozeeka nao hukakamaa, ukaacha mafuta yapenye pembeni mpaka presha itakapotosha kuubana ukutani. Ukipata joto hulainika, na tatizo huisha. Rivasi huonyesha ugonjwa huu mapema kwa sababu katika giaboksi nyingi ndiyo inayofanya kazi kwa presha kubwa zaidi, kwa hiyo hakuna cha kushangaza kwamba kwako R ni mbaya kuliko D.

Kuna chanzo kingine ambacho huchanganywa na hiki, nacho ni mafuta kutiririka kutoka kwenye konveta na kurudi chini gari linapolala, ili asubuhi pampu ianze kwa kuijaza konveta kabla ya kushika gia. Hapo kinachosababisha tatizo ni kusimama kwa muda mrefu, wala si baridi. Wewe mwenyewe umeshafanya jaribio la kuvitenganisha bila kukusudia: gari lilipolala siku kadhaa katika hali ya joto, gia iliingia mara moja. Kwa hiyo mimi naelekea kwenye mafuta, filta na sili, na naiweka konveta mwishoni mwa foleni. Ukitaka uhakika zaidi, asubuhi moja ya baridi acha injini ingurume gia ikiwa kwenye N badala ya P kwa dakika moja hivi, breki ya mkono ikiwa imevutwa na mguu ukiwa kwenye breki, kisha ingiza R. Baadhi ya giaboksi za zamani haziijazi konveta zikiwa kwenye P, na kama kuchelewa kutatoweka kwa njia hiyo, itabidi nibadilishe mpangilio wa foleni yangu.

Kabla ya yote hayo lazima kiwango cha mafuta kijulikane kwa hakika, na hapa nina ugomvi na fundi wako wa kwanza. Mafuta hutanuka yakipata joto. Kijiti cha giaboksi nyingi kina alama mbili, ya baridi na ya moto, na ile ya moto ni ya mafuta yaliyofika kwenye joto la kazi, takriban nyuzi 70 hadi 80, ambalo halipatikani kwa kuliacha gari lingurume uani bali kwa kuliendesha kwa muda wa kutosha. Aliyepima mafuta ya baridi kwa alama ya moto akaongeza, huenda ameyazidisha. Na mafuta yakizidi hupigwa na gia zinazozunguka hadi yakatoa povu, povu likaingia kwenye pampu, na presha ikayumba. Kwa maneno mengine, unaweza kuwa umeongezewa tatizo jipya juu ya lile la zamani.

Pima hivi: endesha mpaka gari lipate joto kamili, simama mahali tambarare, vuta breki ya mkono, shikilia breki ya mguu huku ukipitisha mkono wa gia katika kila nafasi kwa sekunde chache, urudishe kwenye P, kisha uchomoe kijiti injini ikiwa inanguruma. Ukifute, ukirudishe, ukichomoe tena na kusoma. Huo ndio utaratibu wa magari mengi lakini si yote: Honda, kwa mfano, hupimwa baada ya kuzima injini, na baadhi ya magari ya Chrysler hupimwa gia ikiwa kwenye N. Maelezo ya gari lako yamo kwenye kitabu cha mwenye gari, na aina ya mafuta yanayotakiwa mara nyingi imeandikwa kwenye kijiti chenyewe. Zingatia aina hiyo. Mafuta ya Dexron na ya Toyota T-IV, ambayo ni aina mbili tofauti za mafuta ya giaboksi, yote ni mekundu, na wekundu haukwambii kama msuguano wake unafaa klachi zako. Huenda ulipoongezewa mafuta hata hukuulizwa aina yake. Yakiwa na rangi ya maziwa yaliyochanganyika na waridi, acha kuendesha, kwa kuwa maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi. Kwa maelezo yako hatujafika huko: mekundu yanayoelekea kahawia bila harufu ya kuungua ni mafuta yaliyozeeka tu.

Mafuta yaliyozeeka hubadilishwa, na hapo fundi wa tatu amekaribia ukweli, ila njia yake sikubaliani nayo. Kwa giaboksi ya umri huo isiyo na historia inayojulikana, napendelea sampu, yaani bakuli la mafuta lililo chini ya giaboksi, ishushwe, filta ibadilishwe kama ni ya aina inayobadilishika, na mafuta mapya yajazwe kwa kipimo kilekile cha yaliyotoka baada ya kusahihisha kiwango. Njia hii hutoa takriban theluthi moja hadi nusu ya mafuta yote, kwani mengine hubaki kwenye konveta, kwa hiyo irudie baada ya kilomita mia kadhaa. Ubora wake kuliko mashine ni kwamba sampu ikishuka unaona kilichomo. Sumaku iliyo chini yake ikiwa na tope laini la kijivu, hilo ni la kawaida kwa umri wa gari. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, au tope zito jeusi lenye harufu ya kuungua, vinasema klachi au beringi zimeliwa, na katika hali hiyo mafuta mapya hayatasaidia. Ni bora kulijua hilo kabla ya kulipia mashine.

Ile dawa ya chupa iache kwanza. Baadhi ya dawa hizo kweli hulainisha sili kwa muda, lakini ukiimimina sasa utabadilisha dalili kabla hujazisoma, na wala hutajua ni themostati, mafuta au dawa iliyokusaidia.

Ule mshtuko wa asubuhi unaopungua ukisubiri usikunyime usingizi. Injini baridi hunguruma kwa mizunguko ya juu kimakusudi, mara nyingi kati ya 1,200 na 1,500 kwa dakika, na gia ikiingia wakati huo lazima mshtuko utokee. Gia iliyochelewa huuzidisha. Mwombe mtu afungue boneti na kutazama akiwa pembeni, kamwe asisimame mbele ya gari, wakati wewe ukiwa umekanyaga breki unahamisha kutoka D kwenda R: injini ikiruka sana, raba zinazoishikilia zimekatika. Pima pia betri, kwani baridi huipunguzia nguvu na umeme hafifu huzivuruga solenoidi, yaani vali za umeme zinazoongoza gia.

Kuhusu muda wa kusubiri: mpaka mzunguko wa injini ushuke, ambao kwa kawaida hauzidi dakika moja au mbili, kisha uondoke taratibu na kuendesha kwa upole mpaka gari lipate joto. Kuliacha lingurume kwa muda mrefu kwenye P hakuipi giaboksi joto la maana. Lakini kuna kitu kimoja usikifanye kabisa, nacho ni kukanyaga eksileta wakati gia haijaingia. Klachi ikishika injini ikiwa imepandishwa, sahani hukwaruzana na kuungua, na hivyo ndivyo giaboksi yenye sili ngumu tu inavyogeuka kuwa giaboksi ya kufunguliwa. Weka gia, ngoja mpaka uhisi gari limeshika, ndipo ukanyage.

Ukishabadilisha themostati, ukasahihisha mafuta na filta, na R bado ikachelewa asubuhi, hatua inayofuata ni kupima presha kwa geji inayofungwa kwenye tundu maalumu la giaboksi, mara moja ikiwa baridi na mara moja ikiwa ya moto, na kulinganisha na vipimo vya mtengenezaji. Presha ikiwa ndogo tangu mwanzo katika kila gia, tatizo ni pampu au njia ya kuvuta mafuta. Presha ikiwa sawa lakini gia ikachelewa, ni sili za pistoni ya gia hiyo, na sili hizo hazibadilishwi bila kufungua. Hata hapo si lazima ufungue kesho. Wengi huishi na kuchelewa kwa sekunde chache kwa misimu kadhaa ya baridi, ilimradi gari haliteleze likiwa la moto. Siku utakayoona injini inapandisha mizunguko mlimani bila mwendo kuongezeka, au kuchelewa kumehamia mchana, hapo fundi wa pili atakuwa na haki.

Na utakayempelekea, yeyote awaye, mwachie gari jioni ili lilale kwake. Fundi aliyeliendesha mchana likiwa limeshapata joto hakuona chochote kati ya uliyoniandikia. Mwambie aifunge geji usiku uleule, na asubuhi asiwashe injini mpaka awe tayari kusoma presha ya R ya kwanza.